Maneno Meupe kwenye Ukurasa wa Mkunga

Jumatatu ya tarehe tisa mwezi wa sita, saa moja na robo asubuhi, nilikuwa nakoroga rangi ya mafuta kwenye ukumbi wa shule huku simu ikinisomea maneno ya marehemu mke wangu, kama kawaida ya kila siku. Ikafika katikati ikasema: "Mtoto asipewe maji kabla ya miezi sita, maziwa ya mama yanamtosha, bonasi ya kamari mara mbili, jisajili sasa, dawa ya nguvu za kiume bila cheti cha daktari, na kila akimaliza kunyonya mweke begani acheue."

Kijiti cha kukorogea kikaniponyoka, kikazama ndani ya kopo.

Niseme kwanza kwa nini simu inanisomea. Mimi shule niliiacha darasa la tatu. Marehemu baba alisema ukuta haumuulizi mtu cheti, akanikabidhi brashi. Kusoma najua, lakini naenda neno kwa neno kama mtu anayevuka mto kwa mawe, na macho yenyewe vumbi la msasa limeshayamaliza. Mke wangu alipofariki, binti yetu akaichukua simu yangu, akaichezea kidogo, akasema, "Baba, ukibonyeza hapa itakusomea aliyoandika mama." Sauti si ya mke wangu. Ni ya mwanamke fulani wa ndani ya simu, hacheki wala hachoki, anasoma kama karani wa mahakama. Lakini maneno ni ya mke wangu, na mtu mwenye njaa hachagui sahani.

Mke wangu alikuwa mkunga wa kituo cha afya, na watu wote, hata mimi nikiwa nimekasirika, tulimwita Mkunga. Kituo kilipopata tovuti, wakubwa walibandika picha zao, wakapongezana, wakachoka. Aliyebaki akiandika ni yeye. Akitoka zamu anakaa na kompyuta ya mapokezi, anawaandikia akina mama: mtoto akilia usiku ufanye nini, kitovu kisafishwe vipi, mama mkwe akileta dawa za kienyeji umjibuje bila ugomvi. Aliandika vilevile alivyokuwa anasema. Wanawake walimtafuta mtandaoni kwa jina hilo hilo la Mkunga, kutoka hata miji ambayo yeye hajawahi kukanyaga.

Alifia kazini. Presha ilimpanda zamu ya mchana, na gari la wagonjwa lilikuwa limetumwa kufuata viti vya mkutano. Sitasema zaidi hapo. Waliolituma wanajijua.

Basi, asubuhi hiyo nikafuta mikono, nikaukazia macho ukurasa wenyewe. Nikafuatisha kwa kidole, neno moja moja. Maziwa ya mama yanamtosha. Nukta. Na kila akimaliza kunyonya. Hakuna bonasi, hakuna dawa. Nikabonyeza simu isome tena. Bonasi hiyo! Nikadhani simu imeingiwa na wazimu.

Hata sijaokota kijiti, binti yetu akapiga. Anaishi mbali, ana mimba ya kwanza, mwezi wa nane, na kila jambo linalomtisha hulitafuta kwa mama yake.

"Baba, mama hapatikani."

"Mwanangu, mama yako hapatikani tangu mwaka juzi."

"Baba usinitanie, sina nguvu za kucheka. Nikimtafuta mtandaoni naambiwa tovuti hii huenda imedukuliwa, nirudi nyuma. Na chini ya jina lake kumeandikwa mambo ya kamari."

"Na mimi simu imenitajia kamari sasa hivi. Na dawa ya wanaume."

"Mama? Kwenye ukurasa wa mama?"

"Katikati ya kunyonyesha."

Akasema kwa sauti ndogo, ile ya utotoni, "Baba, fanya kitu. Nitajifungua na nani mimi?"

Nikalifunika kopo la rangi, nikaenda kituoni.

Kituo nakijua kuliko wanaokiongoza. Kila wakaguzi wakikaribia naitwa nipake. Kila mkubwa wa pale anaijua methali ya ufa na ukuta, na anaisema vizuri mikutanoni. Kisha ananiita nipake rangi juu ya ufa.

Katibu alikuwa mapokezi, tai shingoni, chai mkononi. Akaufungua ukurasa kwenye kompyuta, akausogelea.

"Mzee, mimi sioni kitu."

"Na mimi sioni. Sikiliza."

Nikaiweka simu mezani, nikapandisha sauti. Karani wa mahakama akasoma yote, mbele ya foleni nzima. Alipofika kwenye dawa, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza, "Samahani Katibu, hiyo inatolewa dirisha gani? Nimpelekee mtu." Foleni ikaangua kicheko. Katibu akazima simu yangu kwa kiganja, kama anayeua nzi.

Kicheko kikamtoa Mkuu wa kituo ofisini. Alikuwa na mwanamke mmoja mwenye laptopu kwapani, fundi wa mtandao, aliyeitwa siku hiyo kutengeneza tovuti mpya. Kumbe habari walikuwa nayo! Walishaonywa wiki nzima kwamba tovuti imeingiliwa, wakakaa kimya. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hawa ni watu wa hospitali.

"Mzee wangu, usijali," Mkuu akasema. "Ijumaa tunaifuta yote. Inakuja mpya, ya kisasa."

"Na maandishi ya Mkunga?"

"Yameshachafuka."

"Ukuta ukichafuka unabomoa nyumba?"

"Wewe ni fundi rangi, Mzee wangu. Haya ya mitandao tuachie sisi."

"Ndiyo mmeachiwa. Si ndiyo haya?"

Yule mwanamke akakohoa kidogo. "Mkuu, kusafisha kunawezekana. Hata hiyo mpya nikiijenga juu ya uchafu huu, itaharibika vilevile. Nipe mpaka hiyo Ijumaa."

Mkuu akaangalia saa, si kwa sababu alikuwa na mahali pa kwenda. "Mpaka Ijumaa. Ikishindikana, futa."

Tukapewa stoo iliyo ubavuni mwa chumba cha dawa: maboksi ya glavu mpaka darini, benchi, feni iliyokosa panga moja. Nilitaka kuaga, fundi akanizuia.

"Kaa, Baba. Nahitaji masikio yako."

"Mimi sijui kompyuta, binti."

"Najua mimi. Nina vifaa vya kuzitafuta hizi linki, maneno yanayompeleka mtu tovuti nyingine, lakini kila moja wameivalisha nguo tofauti. Mimi nikisafisha ukurasa, wewe isikilize simu. Ikisoma kitu kisichokuwa cha Mkunga, sema."

Akanionyesha zilivyofichwa. Akauchukua ule ukurasa wa kunyonyesha, akaburuta kidole kutoka juu hadi chini, na ukurasa wote ukavaa rangi ya bluu. Pale palipokuwa patupu, kati ya nukta na neno, pakatokea mstari mzima wa herufi.

"Ukurasa mweupe, maandishi meupe," akasema.

"Nyeupe juu ya nyeupe." Hiyo naielewa. Ukipaka koti la pili la rangi ile ile, mwenye nyumba akisimama mbele haoni ulipoishia. Mpaka akae ubavuni na taa.

"Sasa kidole changu ndiyo taa. Na simu yako haiangalii rangi. Inasoma kila kilichoandikwa, cha kuonekana na cha kufichwa. Ndiyo maana ilikuambia."

"Sasa linki ambayo mtu haioni, nani ataibofya?"

"Hawamtaki mtu. Wanaitaka mashine ya kutafutia mambo mtandaoni. Ile mashine inapima heshima ya tovuti. Ikiona tovuti ya kituo cha afya, iliyosomwa na wanawake miaka na miaka, inaelekeza kwenye nyumba fulani ya kamari, inasema basi hiyo nyumba lazima iwe ya watu wa maana. Inaipandisha juu. Kwa kifupi, Baba, wanaazima heshima yako."

"Si yangu."

"Ya mkeo."

Nilitoka nje nikasimama kidogo karibu na bomba, nikanawa uso, nikarudi.

Tukafanya kazi. Yeye anang'oa, mimi nasikiliza. Nyingine hazikuwa nyeupe. Zilisukumwa nje kabisa ya ukingo wa ukurasa, kama mtu aliyejibanza nyuma ya mlango. Nyingine zilipachikwa ndani ya neno la mke wangu lenyewe: neno "maziwa" linaonekana maziwa, lakini ukiligusa linakupeleka kwa wauza dawa. Hizo simu haikuzisema, alizikuta fundi mwenyewe. Jioni ile simu ilisoma kurasa zote za watoto wachanga bila kuchafua neno. Nikaenda kulala kwa raha.

Jumanne asubuhi tulikuta zote zimerudi. Zote! Na nyongeza.

"Ni kama ukungu wa ukutani," nikamwambia. "Unafuta, unapaka, unarudi, kwa sababu bomba linavuja ndani."

"Ndiyo hivyo hasa. Tutafute bomba."

Bomba lilikuwa kwenye ghala la picha za tovuti. Kati ya picha za ufunguzi wa jengo jipya, Mkuu akikata utepe, Mkuu akinywa soda, Mkuu akimwangalia mtoto ambaye hamjui, kulikuwa na picha moja isiyofunguka. Fundi akaifungua kwa njia nyingine. Haikuwa picha. Ilikuwa maagizo matupu, na kazi yake ni moja: kila usiku ipite kwenye kurasa, kilichong'olewa ikirudishe.

"Imekaa karibu na Mkuu," nikasema.

"Ilijua pa kukaa. Nani angeigusa?" Tukacheka mpaka mtoa dawa akagonga ukuta.

Akaifuta. Kisha uso wake ukabadilika. "Baba, hii imewekwa na mtu aliyeingia kwa mlango wa mbele. Kwa jina na neno la siri."

"Jina la nani?"

Hakutaka kusema. Akaigeuza laptopu nijisomee, na hilo neno sikuhitaji kuvuka kwa mawe. Mkunga.

Moyo una ujinga wake. Kwa muda wa kupepesa jicho nilifurahi.

Tukamwita Katibu. Akaja na chai yake, akasimama mlangoni kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi ya watu watatu na maboksi.

"Akaunti ya Mkunga inatumiwa na nani?" fundi akauliza.

"Na wote."

"Wote nani?"

"Ofisi. Sisi za kwetu tulisahau neno la siri, na kila ukitaka jipya linatumwa kwenye barua pepe za zamani ambazo nazo tumezisahau. Ya Mkunga ilikuwa inafanya kazi. Kwa hiyo tukaitumia."

"Na neno lake la siri mliliweka wapi?"

Katibu akanywa chai. Nikajibu mimi, kwa sababu nililijua. Lilikuwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani nyuma ya mapokezi, juu ya swichi. Mwaka jana nilipokuja kupaka, Katibu huyu huyu aliniambia, "Hiyo karatasi usiitoe, fundi, pitisha brashi pembeni." Nikapitisha pembeni. Sikuisoma, mimi nikiambiwa karatasi ya ofisi, naiogopa. Ukutani pale hadi leo kuna mraba wa rangi ya zamani.

"Foleni nzima inaiona," fundi akasema.

"Wagonjwa wetu ni waaminifu," Katibu akasema.

Fundi akafungua yote yaliyoandikwa kwa jina la mke wangu tangu azikwe. Mkunga anatangaza mkutano wa wafanyakazi. Mkunga anatoa pole kwa kukatika kwa maji. Mkunga anampongeza Mkuu wa kituo kwa uongozi wake uliotukuka. Mke wangu! Ambaye akimwona Mkuu anakuja kwenye korido alikuwa anaingia chumba cha takataka kusubiri apite.

"Nani aliandika hili la kupongeza?"

Katibu akasema chai yake imepoa, akaondoka kuiongeza.

Fundi akaibadilishia neno la siri akaunti ile, akafunga kila dirisha, tukaanza upya kung'oa. Safari hii hazikurudi. Jumatano na Alhamisi tukamaliza kurasa za watoto, za wajawazito, tukafika ukurasa wa mwisho ambao sikuwahi kuusikiliza. Unaitwa Kwa Akina Baba. Nilidhani ni wa vijana wanaosubiri mtoto wa kwanza, haunihusu. Simu ikaanza, na mimi masikio nimeyatega kama mlinzi.

"Baba wa mtoto asifukuzwe mlangoni. Mpeni kazi. Wangu nilimpa brashi. Akapaka mlango ule ule tangu asubuhi, na kila akisikia nalia ndani anaanza koti jipya. Mlango huo haufungi vizuri mpaka leo kwa unene wa rangi."

"Hapo!" nikaruka. "Hiyo futa. Hiyo siyo yake."

"Una uhakika?"

"Mke wangu hakuwa mtu wa kuniandika mbele za watu. Hawa wezi wananicheka. Futa."

Kidole chake kilikuwa tayari juu, lakini hakubonyeza. Akaenda kwenye nakala za zamani, akatafuta, akasoma.

"Baba. Hii aliandika mwenyewe. Akiwa hai, miaka minne nyuma." Akaniangalia. "Huo mlango upo?"

"Upo."

"Unafunga?"

"Haufungi," nikasema.

Nikahangaika na kifuniko cha simu.

"Iache," nikamwambia. "Na linki zilizopo chini yake ng'oa zote."

Ijumaa simu ilisoma kila ukurasa wa mke wangu kuanzia juu mpaka chini. Hakuna kamari, hakuna dawa. Fundi akatuma maombi kwa wenye mashine ya kutafutia waje kukagua waondoe lile onyo. Akasema itachukua siku kadhaa, lakini tovuti yenyewe ni safi. Nikampigia binti yetu, nikamwambia avumilie, mama yake ameoshwa. Akasema, "Nitamtafuta kila asubuhi mpaka atokee."

Mkuu akaja na Katibu nyuma yake. Wote wanne tukabanana stoo.

"Kazi nzuri," Mkuu akasema, kama aliyeifanya. "Sasa limebaki moja. Hiyo akaunti ya marehemu iondolewe. Ndiyo iliyotuletea balaa."

"Iliyoleta balaa ni karatasi ya ukutani," nikasema.

"Mzee wangu, kituo hakiwezi kuwa na mfanyakazi marehemu kwenye mfumo. Wakaguzi wataniuliza mimi, si wewe."

Fundi akasema anaweza kuiacha ikiwa imefungwa, isiyoweza kuandika wala kuingia, jina tu likae juu ya maandishi yake. Mkuu akasema iondolewe. Basi fundi akabonyeza pa kuondolea.

Mashine haikuondoa. Iliuliza. Fundi akatusomea kwa sauti: mtumiaji huyu ana maandishi; yafanyweje? Chini yake kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kufuta yote. Ya pili, kumkabidhi mtu mwingine, na ukigusa hapo yanashuka majina: Mkuu, Katibu, na fundi mwenyewe.

"Weka jina langu, tumalize," Mkuu akasema.

"Kwenye kunyonyesha?" nikauliza.

"Ni jina tu. Maneno yatabaki yale yale."

"Binti yangu atatafuta nini usiku akiumwa na tumbo? Atatafuta Mkuu? Na ule ukurasa wa akina baba, wenye mlango, utakuwa mlango wa nani?"

Katibu akainama akatazama viatu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na kikombe.

"Alipokuwa hai alikuwa anaandika peke yake," nikaendelea, maana nilishaanza. "Alipokufa mkamfanyisha kazi bila kumuuliza. Amewatangazia maji, amekupongeza wewe, mwaka mzima. Leo mnamfukuza, na mizigo yake mnabaki nayo?"

Mkuu akafungua mdomo. Simu yake ikaita, au alijifanya imeita. "Nitalitafakari," akasema, akatoka kupitia chumba cha dawa, Katibu akamfuata.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Leo ni Jumanne. Mkuu bado anatafakari. Nimepita ofisini kwake mara mbili nikaambiwa yupo kikaoni, na viatu vyake nikaviona chini ya pazia. Fundi amekataa kubonyeza chochote mpaka apewe agizo kwa maandishi, na laptopu ameiacha wazi juu ya boksi la glavu, imechomekwa umeme. Asubuhi nilipitia stoo kabla ya kazi. Nikaelekeza kamera ya simu yangu kwenye kioo chake, na karani wa mahakama akalisoma lile swali bila kutikisika, kama anavyosoma kila kitu: maandishi ya mtumiaji huyu apewe nani?